Pacha wangu wa yai moja ana kisukari, mimi sina: je, vinasaba vyetu si vilevile?

KulwaWaMwaloni aliandika:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote kutoka Kirumba. Mimi ni Kulwa, na kwa mtu wa huku Usukumani jina hilo limekwisha kueleza kwamba ninaye Doto wangu. Tulizaliwa Magu miaka 33 iliyopita, mimi nikatangulia na yeye akafuata kabla maji ya kunikogesha hayajapoa, na mdogo wetu aliyezaliwa baada yetu akaitwa Shija kama desturi inavyotaka.

Tumefanana kama shilingi kwa ya pili. Mama mwenyewe huchanganya sauti zetu kwenye simu, na nywele zimeanza kututoka upande uleule wa paji la uso. Hapa Mwaloni ninauza dagaa kwa jumla, na mara mbili wateja wamemkamata Doto sokoni wakimdai magunia ambayo fedha zake nilizipokea mimi. Simu yangu, ambayo hufunguka kwa kuutazama uso wa mwenyewe, humfungukia yeye bila kusita. Lakini wakati ule wa usajili wa laini kwa alama za vidole, wakala alichanganya namba za vitambulisho vyetu, nikaweka dole gumba langu kwenye namba ya Doto, na kile kimashine kidogo kisichojua hata sura zetu kikakataa mara tatu. Siku hiyo nilicheka.

Tukiwa na umri wa miaka 26 Doto alianza kukonda, akawa anaamka mara nne au tano usiku kwenda kukojoa, na dumu la maji lililokuwa likitutosha siku mbili akawa analimaliza peke yake kabla ya jioni. Alipozidiwa alipelekwa hospitali, akaambiwa ana kisukari cha aina ya kwanza, na tangu hapo anajidunga insulini kila siku. Katika ukoo wetu hatumjui mwingine mwenye ugonjwa huo, na mimi mpaka leo sina dalili yoyote.

Shangazi yetu anauliza: kama ni ugonjwa wa damu, mbona haukuwapata wote wawili ilhali damu yao ni moja? Kwake yeye huo ni ushahidi kwamba Doto ametupiwa kitu. Rafiki yangu mwalimu anatumia hoja hiyohiyo kufika kwingine kabisa, kwamba kwa kuwa vinasaba vyetu ni vilevile, ugonjwa uko njiani unanijia na kilichobaki ni kusubiri zamu yangu. Mama naye ameongeza la tatu: mkunga aliyemzalisha alimwambia sisi si wa yai moja kwa sababu makondo ya nyuma yalikuwa mawili. Naomba wenye ujuzi mnieleze, mapacha wa yai moja wanalingana vinasaba kwa kiasi gani, tofauti zao zinatoka wapi, na je, ugonjwa wa Doto una jina langu pia?

FundiMaabara_Nyegezi alijibu:

Ndugu Kulwa, pole sana kwa maradhi ya ndugu yako. Shangazi yako na rafiki yako wanapingana, lakini wote wawili wamesimama juu ya dhana moja, kwamba vinasaba vikiwa vilevile basi na mambo ya mwili lazima yawe yaleyale. Dhana hiyo ndiyo yenye kasoro, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Mapacha wa yai moja huanza kama mtu mmoja: yai moja hurutubishwa na mbegu moja, kisha katika siku za mwanzo donge la seli hugawanyika, na kila kipande hukua kuwa mtoto kamili. Kila mmoja huondoka na nakala ya maandishi yaleyale, yenye herufi zipatazo bilioni 3 kutoka kwa baba na kiasi hichohicho kutoka kwa mama. Jambo hili hutokea takribani mara 3 au 4 katika kila uzazi 1,000, na kiwango hicho hakitofautiani sana kati ya bara moja na jingine. Wanaotofautiana kwa wingi ni mapacha wa mayai mawili, ambao ni wengi Afrika, hasa miongoni mwa Wayoruba wa Nigeria, na ambao kwa vinasaba ni ndugu wa kawaida tu waliokaa tumboni wakati mmoja.

Sasa, maandishi hayo hayanakiliwi mara moja yakaisha. Ile seli ya kwanza hugawanyika tena na tena mpaka kufikia matrilioni ya seli, na katika kila mgawanyiko lazima yote yanakiliwe upya. Aliyewahi kunakili daftari la mwenzake usiku wa kuamkia mtihani anajua yanayotokea: herufi moja inarukwa hapa, nyingine inageuzwa pale. Kosa likitokea baada ya mapacha kutengana, linabaki kwa mmoja na mwenzake halimhusu. Mwaka 2021 watafiti wa kampuni ya deCODE huko Iceland walichapisha matokeo ya kusoma vinasaba vya jozi 381 za mapacha wa yai moja, wakakuta kwamba kwa wastani jozi moja inatofautiana kwa mabadiliko 5.2 yaliyotokea mapema kabisa katika ukuaji. Jozi 38 hazikuonyesha tofauti hata moja, na chache zilikuwa na zaidi ya 100. Katika takribani asilimia 15 ya jozi, pacha mmoja alibeba mwili mzima mabadiliko mengi ambayo mwenzake hana kabisa, dalili kwamba mwili wake wote ulijengwa kutokana na seli moja au chache sana za kiinitete kile cha mwanzo.

Hata hivyo, herufi tano katika mabilioni ni kitu kidogo, na mara nyingi huangukia mahali pasipo na madhara, kwa hiyo mimi singeanza kumtafuta mchawi wa Doto hapo. Jambo zito zaidi ni hili: jeni kuwepo ni jambo moja, na jeni kufanya kazi ni jambo jingine. Seli yako ya ngozi na seli yako ya kongosho zina maandishi yaleyale, ila kila moja imezifunga kurasa isizozihitaji. Kufunga huko hufanywa na vibandiko vya kikemia, hasa vya methili, vinavyokaa juu ya vinasaba bila kubadilisha herufi hata moja, na taaluma inayochunguza mambo hayo huitwa epijenetiki. Mwaka 2005 kikundi cha Manel Esteller nchini Hispania kililinganisha mapacha wa yai moja wa umri wa miaka 3 hadi 74, kikaona kwamba watoto wanakaribiana mno katika vibandiko hivyo, ilhali wakubwa, hasa wale walioishi mbalimbali na kuugua magonjwa tofauti, wameachana waziwazi.

Kisha iko kinga ya mwili, ambayo katika kisukari cha aina ya kwanza huzishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Seli za kinga hukata vipande vya baadhi ya jeni zake na kuviunga upya kwa bahati nasibu, ili zipate vipokezi vya kuwatambua maadui wa kila namna, na bahati nasibu hiyo huchezwa upya ndani ya kila mwili. Ninyi wawili mlizaliwa na kambi moja ya jeshi, lakini askari waliotoka humo si walewale, na vita walivyopigana utotoni, mafua haya na homa ile, navyo havikuwa vilevile.

Ama alama za vidole, jibu lake unalo mkononi mwako. Jeni huweka mchoro wa jumla, ndiyo maana za kwako na za Doto zinakaribiana kuliko za watu wawili wa mtaani, lakini mistari yenyewe hujengeka kuanzia wiki ya 10 hivi ya mimba, wakati ngozi ya ncha ya kidole inakua huku ikisukumwa na maji ya uzazi na mkao wa mtoto. Tazama vidole vyako kumi, vyote vya mtu mmoja na vyenye vinasaba vilevile: hakuna viwili vyenye alama moja. Kama vidole vyako mwenyewe vimeshindwa kulingana, cha Doto kingewezaje?

MkungaMstaafu alijibu:

Kulwa mwanangu, hilo la makondo mawili nilifundishwa hata mimi, nikawaambia akina mama wengi kabla sijafundishwa upya, kwa hiyo pokea radhi kwa niaba ya mkunga wa mama yako.

Ukweli wake unategemea siku ambayo donge liligawanyika. Likigawanyika ndani ya siku tatu za mwanzo, kila mtoto hujijengea kondo lake na chupa yake, na hiyo ndiyo hali ya takribani theluthi moja ya mapacha wa yai moja. Likigawanyika kati ya siku ya 4 na ya 8, kama ilivyo kwa walio wengi, kondo huwa moja na chupa mbili. Mara chache sana hugawanyika baada ya hapo, wakakaa chupa moja na vitovu vyao vikasokotana; na likichelewa kupita siku ya 13 hivi, watoto huzaliwa wameungana. Kwa hiyo kondo moja karibu kila mara ni ushahidi wa yai moja, lakini makondo mawili hayathibitishi lolote. Ninyi mnaweza kuwa wa yai moja lililoharakisha kugawanyika.

Tena hata kuhesabu makondo kwenyewe si kazi rahisi, maana mawili yaliyojishikiza karibu huungana yakaonekana moja. Nilipokuwa kituo cha afya cha kisiwani, usiku umeme ukikatika, nilikuwa naliweka kondo kwenye beseni, naliosha damu, kisha nashika ule utando unaotenganisha chupa mbili na kuubandua taratibu mbele ya taa, kama mtu anayebandua ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu. Ukiwa unapitisha mwanga, ukaachana kuwa tabaka mbili zinazoteleza zote mpaka juu ya kondo bila kuacha kovu, basi kondo ni moja. Ukiwa mzito na wenye ukungu, na katikati kukawa na tabaka nyingine inayogoma kubanduka, hayo ni mawili yaliyokumbatiana. Wengi wetu zamu ikiwa na wazazi wanne na mkunga mmoja hatukufika huko. Tulitazama, tukaandika, tukaenda kwa mzazi mwingine.

Nikuongezee jambo ambalo mafundi wa maabara hulipita haraka. Watu husema mapacha walilala tumbo moja na kula chakula kimoja. Tumbo moja, ndiyo. Chakula kimoja, hapana. Wanaochangia kondo hawagawani sawasawa, kwa sababu kitovu cha mmoja huweza kushika katikati na cha mwingine pembeni kabisa. Na katika mimba 10 hadi 15 kati ya kila 100 za kondo moja, mishipa iliyounganika huhamisha damu kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine kupita kiasi, hata mmoja akazaliwa amevimba na mwenzake amepauka. Nimewahi kuweka kwenye mizani wawili wa kondo moja, mmoja kilo 2.8 na mwingine kilo 1.6, na hao ni watoto ambao hawajaonja hata tone la maziwa. Muulize mama yako uzito wenu wa kuzaliwa.

MsomiWaIgoma alijibu:

Wakuu, mnazunguka mno. Vinasaba vya mapacha wa yai moja vinalingana kwa asilimia 100, tulifundishwa hivyo tangu sekondari. Kinachowatofautisha ni mazingira tu, na ushahidi ni yule mwanaanga wa Marekani aliyekaa angani karibu mwaka mzima, akarudi vinasaba vyake vimebadilika kwa asilimia 7 na halingani tena na pacha wake aliyebaki duniani.

FundiMaabara_Nyegezi alijibu:

Ndugu Msomi, kauli zako mbili haziwezi kukaa nyumba moja, na hiyo ya pili ilisambazwa na magazeti kabla haijasahihishwa. Mwanaanga huyo ni Scott Kelly, aliyekaa siku 340 kwenye kituo cha anga kuanzia Machi 2015 hadi Machi 2016, wakati pacha wake Mark, ambaye naye ni mwanaanga mstaafu, akipimwa duniani. Matokeo kamili yalichapishwa mwaka 2019. Ile asilimia 7 haikuhusu herufi za vinasaba vyake. Ilihusu utendaji wa jeni, kwa maana kwamba miongoni mwa mabadiliko ya utendaji yaliyoonekana angani, karibu asilimia 7 yalikuwa hayajarudi kama mwanzo miezi sita baada ya kutua. Binadamu na sokwe mtu hutofautiana kwa asilimia 1 na kitu tu ya herufi zinazolinganishika, kwa hiyo mtu aliyebadilika kwa asilimia 7 angetua akiwa mbali nasi kuliko sokwe.

Kilichonivutia zaidi mimi katika vipimo vile ni ncha za kromosomu, ziitwazo telomea, ambazo kwa kawaida hufupika kadiri umri unavyosonga. Za Scott zilirefuka akiwa angani, kinyume cha matarajio, kisha zikafupika upesi aliporejea. Laiti asingekuwa na pacha wa kulinganishwa naye, ingekuwa vigumu zaidi kujua lipi ni la anga na lipi ni la umri.

WakiliWaZiwani alijibu:

Niruhusiwe kuingiza la kisheria, kwa kuwa swali la kulingana kwa vinasaba lina siku yake mahakamani. Niliwahi kuletewa shauri la matunzo ya mtoto ambamo mwanamume aliyetajwa alikuwa na pacha, na kila mmoja akamnyooshea kidole mwenzake kwa sura ileile na sauti ileile.

Nchini kwetu upimaji wa vinasaba vya binadamu unaongozwa na sheria ya mwaka 2009 na hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mtu hajiendei tu, bali ombi hupitia kwa wale wanaotambuliwa na sheria, kama mahakama, wakili au ofisa wa ustawi wa jamii. Kipimo cha kawaida hakisomi maandishi yote. Huangalia vituo vichache, 20 hivi, ambako vipande vifupi vya herufi hurudiwarudiwa kwa idadi inayotofautiana kati ya mtu na mtu. Kwa watu wengine wote hiyo inatosha na kuzidi, lakini kwa mapacha wa yai moja vituo hivyo husomeka sawa, na cheti kitasema kila mmoja wao anaweza kuwa baba kwa zaidi ya asilimia 99.9. Huko Brazil mwaka 2019 hakimu wa jimbo la Goiás alikutana na mapacha wa namna hiyo, ambao kila mmoja alikana, akaamuru wote wawili watoe matunzo na majina yao yote yaingizwe kwenye cheti cha mtoto. Wenzangu wengi hawaipendi hukumu hiyo. Mimi naiona nzuri, kwa kuwa mtoto hakuwa sehemu ya mchezo wao.

Zile herufi chache anazozitaja Fundi ndizo mlango wa kutokea. Mwaka 2014 maabara moja ya Ujerumani ilionyesha kwamba vinasaba vyote vya mapacha wawili vikisomwa kwa kina, pamoja na vya mtoto wa mmoja wao, hupatikana tofauti: zilipatikana herufi tano ambazo baba na mtoto walikuwa nazo na baba yake mdogo hakuwa nazo. Gharama na muda ndivyo vinavyoifanya njia hiyo isiwe ya kila shauri.

Na kwa faida ya watoto wenu, Ndugu Kulwa: mtoto wako na mtoto wa Doto, kwa hesabu ya vinasaba, ni kama ndugu waliozaliwa na baba mmoja na mama mbalimbali. Mtoto wako anapomwita Doto baba mdogo, amekaribia ukweli kuliko anavyojua.

MamaApiyo_Sengerema alijibu:

Nimesoma nikaona nami niseme langu. Wanangu ni wasichana wawili wa kondo moja na yai moja, Apiyo na Adongo, majina ya kwa baba yao ambaye ni Mjaluo wa Rorya. Wote wawili wana selimundu. Katika hilo hakuna mmoja aliyenusurika, kwa kuwa jeni ile ilitoka kwangu na kwa baba yao kabla yai halijagawanyika, na huku Kanda ya Ziwa takribani mtu mmoja kati ya watano anaibeba bila kuugua, kama sisi tulivyoibeba bila kujua.

Lakini Apiyo amelazwa mara sita na kuongezewa damu mara mbili, na mwenzake hulalamika mifupa siku za mvua, anakunywa maji, anajifunika, kesho yake yuko shuleni. Katika kituo kimoja mhudumu aliniambia waziwazi kwamba Adongo hana ugonjwa na kwamba kadi yake ilikosewa, akanishauri niache kumpa dawa. Niliomba arudie kipimo, majibu yakatoka yaleyale ya dada yake. Majirani nao wanasema ninampenda mmoja na kumsahau mwingine, kana kwamba maumivu hugawiwa jikoni. Daktari wa kliniki yetu alinieleza kwamba herufi iliyokosewa ni moja na chembe za damu zimejikunja kwa wote, ila mshipa gani utaziba, lini, na baada ya homa ipi, hayo hayamo katika herufi ile.

KulwaWaMwaloni aliandika:

Mama mkunga, shikamoo. Nimemuuliza mama: mimi kilo 2.6, Doto kilo 1.9. Mama Apiyo, pole na ahsante, maana umenionyesha upande ambao sikuuwaza. Naomba sasa mwenye uzoefu na kisukari aniambie bila kunionea huruma, nina uwezekano gani wa kukipata?

DaktariWaKliniki alijibu:

Kaka Kulwa, nitakupa tarakimu kwa sharti kwamba ukumbuke zimetoka hasa kwa mapacha wa Ulaya na Marekani. Mtu mwenye ndugu wa kawaida anayeugua kisukari cha aina ya kwanza ana uwezekano wa takribani 1 katika 20 wa kuugua naye. Kwa pacha wa yai moja, tafiti nyingi zimepata watatu hadi watano katika kila kumi, na uchunguzi mmoja uliowafuatilia kwa miongo kadhaa uliona idadi ikipanda mpaka asilimia 65 walipofika umri wa miaka 60. Wewe una habari njema ndani ya tarakimu hizo, kwa sababu hatari kubwa iko kwa wale ambao pacha wao aliugua akiwa mtoto au kijana mdogo. Aliyeugua baada ya umri wa miaka 25, kama Doto, humwachia mwenzake hatari ndogo zaidi kwa mara kadhaa.

Zitazame tarakimu hizo kwa macho mawili. Zingekuwa kazi ya herufi peke yake, mngeugua wote, kumi kwa kumi, kama mabinti wa Mama Apiyo. Zingekuwa hazihusiani na herufi, usingekuwa na hatari inayomzidi mtu yeyote anayepita pale Kirumba. Kwa hiyo rafiki yako mwalimu amekosea, na shangazi yako, kwa heshima zote, amekosea pia: pacha mmoja kuugua na mwingine kubaki mzima ni jambo tunalolitarajia, wala halihitaji mkono wa mtu. Kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha watu wengi, huwafuata mapacha wote wawili mara nyingi zaidi kuliko hiki cha Doto, kwa hiyo uzito na tumbo navyo uviangalie.

Pima sukari asubuhi kabla ya kula chochote. Ikifika 7.0 kwa kipimo cha milimoli kwa lita au kuzidi, njoo kliniki turudie. Ukiona kiu isiyoisha, kukojoa usiku na kukonda, usingoje asubuhi. Vipo vipimo vya kingamwili vinavyoweza kuonyesha mashambulizi ya kongosho kabla ya dalili, ila si kila kliniki inavyo. Wala usiache chai ya sukari kwa hofu ya aina ya kwanza, kwa kuwa hakuna chakula kinachojulikana kuizuia.

Na kama unataka kujua mnalingana kiasi gani, tarehe 23 Desemba 1954, huko Boston, daktari Joseph Murray alihamisha figo ya kijana mmoja kwenda kwa pacha wake wa yai moja aliyekuwa akifa. Walikuwa wamejaribu kwanza kwa kipande cha ngozi, kikashika. Hapakuwa na dawa za kutuliza kinga kama tulizonazo leo, na hazikuhitajika, kwa kuwa mwili ule haukuiona figo ile kuwa ngeni. Mgonjwa aliishi miaka minane zaidi. Kinga ileile inayotofautiana kati yako na Doto hata mmoja akaugua, ingeipokea figo yako kana kwamba ni yake.

KulwaWaMwaloni aliandika:

Anayeandika sasa si Kulwa, ni Doto. Kulwa yuko Mwaloni anapokea mzigo wa dagaa ulioingia alfajiri kutoka Ukerewe, simu ameiacha kwangu kwenye chaji, nami nimeifungua kwa uso kama kawaida. Nimesoma yote tangu juu. Wateja hawakunikamata mara mbili, ni mara nne, na mara mbili nililipa.

Jana asubuhi kabla ya chai nilimpima kwa mashine yangu, kwa sindano mpya. Alisoma 5.2, mimi nikasoma 8.9. Alitoa kidole cha mkono wa kushoto kwa sababu yeye ni wa kulia, wakati mimi ni wa mashoto na hujichoma kulia; alifumba macho mpaka nikamaliza.

Jioni nilimfasiria shangazi jibu la daktari kwa Kisukuma, neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama ni kweli daktari amesema 65 na si 100. Nikamwambia ni kweli. Akasema basi hizo 35 zilizobaki zina mtu.